Ulifanya kazi ya reli Marekani na sasa unaumwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Nakaa katikati ya wakili na mteja, daktari na mgonjwa, namhamisha huyu kwenda kwa yule. Maswali yaliyo hapa chini nimeyasikia tena na tena, mengine kikao kikiwa kimekwisha, mtu ameshashika mlango wa gari ndipo anakumbuka lililokuwa likimkaa moyoni. Si wakili mimi. Ninachoeleza ni sheria ilivyo kwa ujumla, ili ukifika kwa wakili usitumie saa nzima ya kwanza kuuliza mambo ambayo ungeyajua mapema.

Kwani sisi wa reli hatuna bima ya fidia kama watu wa viwandani?

Hamna. Jirani yako anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama akiumia, anaingia kwenye mpango wa fidia wa jimbo lake. Hakuna anayemuuliza kosa ni la nani, ila malipo yake yamepangwa kwenye jedwali. Mwajiriwa wa kampuni ya reli inayosafirisha kati ya majimbo hayumo kwenye mpango huo. Yeye ana sheria yake ya serikali kuu, inayojulikana kwa kifupi kama FELA (Federal Employers' Liability Act), iliyotiwa saini na Rais Theodore Roosevelt tarehe 22 Aprili 1908. Ilitanguliwa na nyingine ya 1906, lakini Mahakama ya Juu iliifuta kwa kuwa iliwagusa hata wafanyakazi ambao kazi yao haikuvuka mpaka wa jimbo.

Chanzo chake ni vidole vilivyokatika kazini. Zamani mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini, na mtu alisimama katikati ya behewa na behewa kuingiza pini kwa mkono huku yanakuja kugongana. Mwaka 1889 Rais Benjamin Harrison aliliambia Bunge kuwa ni aibu kwa taifa kuona wafanyakazi wakikabili hatari sawa na ya askari vitani.

Tofauti kubwa na fidia ya jimbo ni hii: chini ya FELA ni lazima uonyeshe kuwa kampuni ilizembea. Ukilionyesha hilo, hakuna jedwali wala kikomo, na anayeamua kiasi ni juri, yaani raia wa kawaida walioitwa kusikiliza kesi.

Sheria hiyo si ya ajali? Mimi sikuanguka wala sikugongwa, nilivuta vumbi tu.

Hata ugonjwa umo, na aliyetufungulia mlango huo ni mtia makaa mmoja, Tom Urie wa reli ya Missouri Pacific. Kwa miaka thelathini hivi alifanya kazi kwenye vichwa vya treni vya mvuke. Vichwa hivyo vilikuwa na mitambo ya kumwaga mchanga mbele ya magurudumu ili yashike reli vizuri, na vumbi la mchanga huo liliingia chumbani alimokaa. Mwezi Mei 1940 mapafu yalimwishia, akaacha kazi. Ilikuwa silikosisi, makovu ya mapafu yanayoletwa na silika, vumbi la mchanga. Alipofungua kesi mwaka uliofuata, kampuni ilidai kwamba sheria ni ya majeraha, haihusu maradhi, na kwamba hata ikihusu, bwana huyu amechelewa kwa kuwa vumbi lilianza kumwingia miaka mingi nyuma.

Mwaka 1949 Mahakama ya Juu ilizikataa hoja zote mbili. Ugonjwa wa kazini ni jeraha. Na huwezi kumlaumu mtu kwa kuchelewa kushtaki ugonjwa ambao hakujua kuwa anao. Kila kesi ya sumu ya reli unayoisikia leo imepita kwenye mlango wa Urie.

Ni vitu gani hasa vinavyotajwa kwenye kesi hizi?

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi hawajui hata majina ya walichovuta.

Asbesto ndiyo kongwe. Maboila ya vichwa vya mvuke yalivikwa asbesto kama blanketi, mabomba ya karakana yalifungwa kwayo, na ilikuwamo kwenye gasketi na kwenye viatu vya breki. Fundi aliyekwangua, aliyekata au aliyepuliza kwa hewa ya kompresa alikuwa anaisambaza. Huleta asbestosisi, ambayo ni makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Mesotelioma inaweza kusubiri miaka ishirini, thelathini, hata hamsini kabla ya kujitokeza. Ndiyo maana wanaougua leo ni wazee waliokuwa vijana kwenye karakana enzi hizo.

Moshi wa dizeli ndio unaowagusa wengi zaidi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, karibu vichwa vyote vya reli Marekani vilikuwa vya dizeli. Kuna jambo ambalo wa nje hawalijui: injini hizo zilipozwa kwa maji yasiyotiwa dawa ya kuzuia barafu, kwa hiyo wakati wa baridi hazikuzimwa. Ziliachwa zinguruma usiku kucha yadini, na ndani ya karakana pia, milango imefungwa kwa sababu ya theluji. Waliokuwa wanafanya kazi humo walivuta moshi zamu nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wafanyakazi wa reli 54,973 wa Marekani kuanzia 1959 hadi 1996, ukakuta vifo vya saratani ya mapafu viko juu kwa takriban asilimia 40 kati ya waliofanya kazi karibu na treni zinazotembea, kama madereva na makondakta. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliuhamisha moshi wa dizeli kutoka kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani na kuuweka kwenye kundi la vile ambavyo kwa hakika vinasababisha.

Silika haikuondoka na mvuke. Mchanga wa kushikia reli bado unatumika, na kokoto zinazolaliwa na mataruma, yale magogo yanayobeba reli, zikimwagwa, zikishindiliwa na kusawazishwa kwa mashine hutoa wingu jeupe ambalo ukiwa ndani yake humwoni mwenzako.

Mataruma yenyewe ya mbao yamelowekwa kriosoti, ile nyeusi yenye harufu kali inayounguza ngozi jua likiwaka. IARC inaihesabu kuwa huenda husababisha saratani. Viyeyushi vya kuoshea grisi vilikuwa na vitu kama trikloroetilini, na vingine vilikuwa na benzini, inayohusishwa na saratani ya damu. Mafusho ya kuchomelea vyuma yaliingizwa kwenye kundi la kwanza la IARC, lile la hakika, mwaka 2017. Dawa za kuua magugu kandokando ya reli nazo hutajwa, ingawa huko mabishano ya wataalamu ni makali zaidi.

Nimestaafu miaka kumi na tano iliyopita. Si nimeshachelewa?

Huenda hujachelewa, lakini usilale. Muda wa kushtaki ni miaka 3. Hauhesabiwi tangu ulipovuta moshi wala tangu ulipostaafu. Unahesabiwa tangu siku uliyojua, au ambayo mtu makini angepaswa kujua, mambo mawili: kwamba unaumwa, na kwamba kazi huenda imechangia.

Hayo maneno "angepaswa kujua" ndiyo yanayowanasa watu. Daktari alikuuliza mwaka 2021 kama uliwahi kufanya kazi na asbesto, ukasema ndiyo, akaandika kwenye faili. Wewe umesahau, faili halijasahau. Kampuni italifungua na kusema saa ilianza kupiga siku ile. Kwa hiyo ukisikia tu daktari anaunganisha mapafu yako na kazi yako, andika tarehe, na wiki hiyohiyo mtafute wakili.

"Uzembe" maana yake nini hapa? Kampuni ilifuata taratibu zake zote.

Taratibu zake zinaweza kuwa ndizo tatizo. Swali ni kama kampuni ilijua au ilipaswa kujua hatari, na ilifanya nini kwa busara kukukinga. Ilikupa barakoa inayofaa au kitambaa? Iliwahi kupima hewa ya karakana? Feni za kutolea moshi zilifanya kazi au ziliharibika na kuachwa? Mlifundishwa kulowesha vumbi kabla ya kufagia?

Kuhusu kusababisha, FELA ina mkono mwepesi. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ilisema inatosha uzembe wa mwajiri uwe umechangia sehemu yoyote ile, hata iwe ndogo kiasi gani, na mwaka 2011 ikarudia msimamo huo. Sasa watu wakisikia hivyo hudhani kesi ni nyepesi. Si nyepesi. Utahitaji mtaalamu wa usafi wa mazingira ya kazi aeleze ulivuta kiasi gani, na daktari aeleze kwamba kiasi hicho kinaweza kuleta ugonjwa huo na kwamba kwako kimeuleta. Jaji akiona mtaalamu anakisia tu, humzuia, na kesi nyingi za sumu hufia hapo, kabla juri haijaitwa.

Kuna njia fupi moja. Kama kampuni ilivunja kanuni ya usalama ya vichwa vya treni, huhitaji kuthibitisha uzembe tena. Kanuni za serikali kuu zinataka moshi wa injini utoke wote nje ya chumba cha dereva. Kama chumba chenu kilikuwa kinajaa moshi na mliripoti, hiyo ripoti ni dhahabu.

Nilivuta sigara miaka ishirini. Niseme?

Sema. Watajua tu, iko kwenye kila karatasi ya hospitali uliyowahi kujaza.

Sigara haiui kesi. Juri inaweza kukupa sehemu ya lawama, na fidia ikapunguzwa kwa kiasi hicho: wakikuta madhara yako ni dola 1,000,000 na sehemu yako ni asilimia 40, unaondoka na 600,000. Tena kwa saratani ya mapafu, asbesto na sigara pamoja ni hatari kuliko ukijumlisha ya kila kimoja peke yake, na wataalamu wa upande wako watalieleza hilo. Kama palikuwa na uvunjaji wa kanuni ya usalama uliochangia, punguzo hilo la lawama yako haliruhusiwi kabisa.

Anayepoteza kesi ni yule anayesema hajawahi kuvuta, halafu inaletwa picha ya harusi yake ana sigara mdomoni.

Sijaugua, lakini nilifanya kazi na asbesto na naogopa. Naweza kushtaki?

Kwa woga peke yake, hapana. Chini ya kituo kikuu cha treni cha New York, Grand Central, palikuwa na mafundi bomba waliofanya kazi kwenye mahandaki ya mvuke. Walikuwa wakitoka wamejaa vumbi jeupe la asbesto mpaka wakaitwa watu wa theluji wa Grand Central. Mmoja wao, Michael Buckley, alishtaki. Hakuwa na dalili ya ugonjwa. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilimkatalia fidia ya mahangaiko ya moyo, na ikakataa pia kumlipa kwa mkupuo gharama za kupimwa siku zijazo.

Mwaka 2003 walikuja wengine, wastaafu wa Norfolk & Western waliokwisha kupata asbestosisi. Hao mahakama iliwakubalia: mtu ambaye mapafu yake tayari yana makovu ya asbesto anaweza kulipwa pia kwa hofu ya saratani, mradi hofu yake ni ya kweli na nzito. Katika kesi hiyohiyo iliamuliwa kwamba kampuni ya reli haiwezi kukwepa sehemu ya malipo kwa hoja kwamba ulivuta asbesto kwa waajiri wengine pia. Itakulipa yote, kisha ikamalizane nao yenyewe.

Kama uko kwenye kundi la Buckley, la kufanya ni kumwambia daktari wako historia yako ya kazi, upimwe mapafu mara kwa mara, na utunze majibu.

Nitunze nini? Nimehama nyumba mara nne.

Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mzee mmoja aliingia ofisini na mfuko wa plastiki wa dukani. Nilidhani amebeba chakula. Akautua mezani, akatoa stabu za mishahara zilizofungwa kwa mpira wa nywele, kadi ya chama cha wafanyakazi, kitabu cha kanuni chenye alama ya mafuta ya kidole gumba kwenye jalada, na kalenda za ukutani, moja kwa kila mwaka, za aina ile inayogawiwa bure na maduka ya dawa. Kwenye kila tarehe alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: karakana gani, zamu gani, na neno moja moja kama "moshi" au "feni mbovu". Alikuwa anaandika ili asidhulumiwe malipo ya saa za ziada. Wakili alizifungua kalenda zile polepole sana. Miaka ishirini na kitu baadaye, hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na habari kwamba feni ile ilikuwa mbovu wiki ile.

Wengi hawana kalenda, kwa hiyo andika leo. Anza na mwaka ulioajiriwa, shuka kidogo kidogo: yadi, karakana, cheo, msimamizi, wenzako watatu uliokula nao chakula cha mchana. Wenzako hao ndio mashahidi, na wao pia wanazeeka. Andika ulichoshika, hata kama jina la kopo hulikumbuka: "kopo la bluu, harufu tamu, tulioshea mikono." Mtaalamu anaweza kulitambua kutokana na hapo. Picha za zamani zitafute kwa watoto. Na kama ulifanyiwa upasuaji wa kuchukua kinyama cha uvimbe, waambie hospitali wakihifadhi. Hospitali hazivitunzi milele.

Mimi si wa kampuni ya reli. Nimeajiriwa na kontrakta anayesafisha mabehewa.

Hili ndilo swali la wageni zaidi kuliko wenyeji, kwa kuwa wengi wetu tunaingia relini kwa mlango wa nyuma: kusafisha, kupakia, kuendesha vani zinazobeba wafanyakazi wa treni. Kwa kawaida FELA ni ya waajiriwa wa kampuni ya reli yenyewe. Wewe utaanzia kwenye fidia ya jimbo, na saa zake ni tofauti, mara nyingi fupi.

Hata hivyo usikubali jibu la haraka. Mahakama huangalia nani alikuwa anakuongoza kazini. Kama aliyekupangia kazi, aliyekuonyesha namna ya kuifanya na aliyeweza kukufukuza eneoni alikuwa bosi wa reli, panaweza kuwa na hoja kwamba ulikuwa mfanyakazi wa reli kwa maana ya sheria, hata kama hundi ilitoka kwa mwingine.

Bado niko kazini. Nikidai nitafukuzwa?

Sheria ya usalama wa reli inakataza kampuni kumwadhibu mfanyakazi kwa kuripoti jeraha au ugonjwa wa kazini, au kwa kufuata matibabu aliyoandikiwa na daktari. Ukiadhibiwa, una siku 180 za kupeleka malalamiko kwa OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini. FELA nayo inakataza kuwazuia wenzako wasitoe habari kwa hiari kuhusu yaliyokupata.

Utatembelewa na afisa madai wa kampuni. Mara nyingi ni mtu mstaarabu, atakuulizia na watoto, kisha ataomba kurekodi maelezo yako "kwa ajili ya faili". Sina neno naye, lakini mshahara wake unatoka upande ule. Ripoti ya ugonjwa inayotakiwa kazini ijaze. Maelezo ya kurekodiwa subiri wakili.

Nilipoondoka nilisaini karatasi kwamba sitadai chochote. Imekwisha?

Si lazima. FELA inasema mkataba wowote unaolenga kuikwepesha kampuni dhima yake ni batili. Karatasi ya kumaliza dai ambalo tayari mlikuwa mnagombania ni halali. Ile inayofuta madai yote yajayo, hata ya magonjwa ambayo hujawahi kuyasikia, mahakama za rufani hazisemi sauti moja: zingine huikubali tu kwa jeraha lililojulikana siku ya kusaini, zingine huikubali hata kwa hatari, mradi pande zote mbili ziliijua na kuijadili. Mpe wakili karatasi yenyewe, usimsimulie.

Nishtaki wapi?

Mahakama ya jimbo au ya serikali kuu, chaguo ni lako, na ukichagua ya jimbo kampuni haiwezi kuihamisha kesi. Lakini jimbo lipi? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliwazuia walalamikaji wawili kuishtaki kampuni ya reli ya BNSF huko Montana, kwa kuwa si huko kampuni ilikosajiliwa wala yalipo makao yake, wala si huko walikoumia. Mmoja wao alikuwa mjane aliyedai kemikali za kazini zilimpa mumewe saratani ya figo. Kisha mwaka 2023 ikaja kesi ya Robert Mallory, fundi wa mabehewa wa Norfolk Southern kwa karibu miaka ishirini huko Ohio na Virginia, aliyeugua saratani ya utumbo mpana. Alishtaki Pennsylvania, akashinda hoja ya mahali kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo inaichukulia kampuni inayojisajili kufanya biashara huko kuwa imekubali kushtakiwa huko. Hapa ndipo wakili mzuri anapolipwa haki yake.

Fidia ni kiasi gani, na wakili analipwaje?

Anayekutajia kiasi siku ya kwanza, mwogope. Zinazohesabiwa ni mishahara iliyopotea na itakayopotea, matibabu, maumivu, na raha ya maisha iliyoondoka. Fidia ya kuiadhibu kampuni haimo katika FELA.

Wakili kwa kawaida huchukua asilimia ya kile kitakachopatikana, thuluthi ni kawaida. Msiposhinda hachukui ada. Muulize gharama za wataalamu zinatolewa kabla au baada ya kukata asilimia yake, maana tofauti ni maelfu ya dola. Vyama vingi vya wafanyakazi wa reli vina orodha ya mawakili wanaoijua FELA, na mimi ningeanzia hapo kabla ya tangazo la televisheni.

Sambamba na hayo iko Bodi ya Pensheni ya Reli, RRB, yenye makao Chicago. Hiyo haiulizi kosa. Mwenye miezi 240 ya utumishi, au 120 akiwa ametimiza miaka 60, anaweza kuomba pensheni ya kutoweza tena kazi yake ya reli, akitimiza masharti yao mengine. Bodi hiyo ikikulipa posho za ugonjwa kisha ukapata fidia, itadai irudishiwe posho, kwa hiyo usizihesabu mara mbili.

Mume wangu amefariki. Na wazazi wake wako Kigoma.

Pole sana, mama. Dai linaweza kuendelea. Wa kwanza ni mjane au mgane na watoto, wasipokuwapo, wazazi, wasipokuwapo, ndugu wa karibu waliokuwa wakimtegemea. Kesi hufunguliwa na msimamizi wa mirathi, kwa hiyo hatua ya kwanza ni mahakama ya mirathi ya kaunti.

Kuhusu kuishi nje: tangu mwaka 1914 Mahakama ya Juu ilikwisha amua kwamba wazazi wageni wasioishi Marekani wanaweza kunufaika chini ya FELA. Kesi ile ilihusu raia wa Uingereza, lakini hoja haikuwa ya uraia fulani. Kwa hiyo mwana aliyekufa bila mke wala watoto, aliyekuwa akituma pesa nyumbani kila mwezi, wazazi wake wana haki. Zitafute risiti za kutuma pesa, ndizo zinazoonyesha walipoteza nini.

Onyo moja: kama marehemu mwenyewe aliacha miaka yake 3 ikapita akiwa hai, familia haiwezi kuifufua. Hilo nalo liliamuliwa zamani, 1931.

Na waliovuta sumu kule East Palestine?

Treni ya Norfolk Southern ilipoacha reli huko Ohio tarehe 3 Februari 2023, na siku tatu baadaye kemikali iliyobeba, vinili kloridi, ikachomwa makusudi, wakazi walidai kwa njia nyingine. Suluhu ya dola milioni 600 ilitangazwa Aprili 2024. FELA ni ya wafanyakazi. Fundi aliyeitwa kurekebisha njia pale na akaugua anaangukia huku.

Ndugu yangu ni fundi wa reli nyumbani. Sheria hii inamsaidia?

Hapana. Kenya iko Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, na Tanzania uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008. Zote mbili hutambua magonjwa ya kazini na hazimtaki mtu athibitishe uzembe. Aanze kwa kumjulisha mwajiri kwa maandishi.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Nitahojiwaje chini ya kiapo?

Omba mkalimani mapema, na usione haya hata kama Kiingereza cha kazini unakijua. Utahojiwa na wakili wa kampuni, mwandishi anaandika kila neno, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotutega.

Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hukuvaa barakoa?" ukajibu "Ndiyo", unamaanisha ndiyo, sikuvaa. Kwa Kiingereza jibu hilohilo linaweza kusomeka kwamba ulivaa. Nimewahi kuliona kwenye kurasa za mtu aliyejihojisha bila mkalimani kabla hajafika kwetu: mistari sita mfululizo ya ndiyo, na kila moja ilikuwa hapana. Jibu kwa sentensi nzima. "Sikuvaa." "Hawakutupa." "Feni haikuwa inafanya kazi."

Na Waingereza wana neno moja, "exposure", la kukutana na sumu kwa namna yoyote, sisi hatuna. Ukiulizwa swali hilo nitakutafsiria kwa vitenzi vitatu: uligusa, ulivuta, ulimeza? Usinijibu kwa mkupuo. Jibu kimoja kimoja, na kwa kila kimoja taja mahali.